Mrututu, Chokaa na Kihamba: Historia ya Umumunyifu wa Dawa za Shaba katika Kilimo cha Kahawa cha Kilimanjaro, 1925–2005

1. Utangulizi

Historia ya kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro imeandikwa mara nyingi kama historia ya bei, ya ardhi na ya siasa za ushirika. Wanahistoria wameeleza namna zao hilo lilivyofika kwa njia ya misheni, lilivyoenea katika vihamba vya Wachagga wakati wa utawala wa Waingereza, na lilivyojenga shule, barabara na tabaka la wasomi. Katika maelezo hayo, dawa za kupulizia mibuni hutajwa kwa kupita tu, kama gharama moja miongoni mwa gharama nyingine za mkulima. Insha hii inaishughulikia dawa yenyewe. Inachunguza jinsi madini ya shaba, yaliyochanganywa na maji na kupulizwa juu ya majani na matunda ya mibuni, yalivyoathiri uhusiano kati ya mkulima, chama chake na dola kuanzia kuundwa kwa chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa mwaka 1925 hadi kutolewa kwa aina za mibuni zenye ukinzani mwaka 2005.

Hoja kuu ni kwamba sifa moja ya kikemia, yaani umumunyifu mdogo wa dawa za shaba katika maji, iliweka masharti ambayo taasisi za Kilimanjaro zililazimika kuyatimiza. Dawa isiyoyeyuka haraka humlinda mbuni kwa muda tu, tena hulinda kabla ya ugonjwa kuingia, si baada yake. Kwa hiyo ilihitaji kupulizwa kwa ratiba, kwa kurudiarudia, na kwa jirani wote pamoja. Ratiba hiyo haikuwezekana bila mkopo, na mkopo haukuwezekana bila chama chenye uwezo wa kuudai kutoka katika mauzo ya kahawa. Mfumo wa mkopo ulipovunjika katika miaka ya 1990, kilichovunjika pamoja nao kilikuwa uwezo wa jamii nzima kulinda zao lake, wala si huduma ya pembejeo peke yake.

2. Suala la umumunyifu

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema kufafanua tatizo ambalo dawa ya shaba ililenga kulitatua. Mrututu, ambao wanakemia huuita salfeti ya shaba, huyeyuka vizuri sana katika maji: katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, mililita 100 za maji zaweza kuyeyusha takribani gramu 32 za fuwele zake. Mmumunyo huo huua mbegu za kuvu kwa kiwango kidogo sana cha shaba. Hata hivyo huunguza majani ya mmea, na mvua ya kwanza huuosha wote. Sumu inayoyeyuka kwa urahisi humdhuru anayelindwa, kisha humwacha bila ulinzi.

Ufumbuzi ulipatikana Ufaransa. Pierre Millardet, profesa wa botania mjini Bordeaux, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio yake ya kuchanganya mrututu na chokaa ili kuzuia ukungu wa mizabibu. Chokaa huipokonya shaba hali yake ya kuyeyuka. Mchanganyiko hugeuka kuwa uji mwepesi wa rangi ya samawati ambamo chembe laini za haidroksidi na za salfeti besi za shaba huelea bila kuyeyuka. Ukipulizwa juu ya jani na kukauka, uji huo hung'ang'ania kama rangi ukutani. Baadaye, kila jani linapolowa, umande, hewa ya ukaa iliyomo ndani ya maji, pamoja na majimaji yatokayo kwenye jani na kwenye mbegu za kuvu zenyewe, huyeyusha shaba kidogo kidogo. Kuvu huuawa na kiasi kidogo alichosaidia mwenyewe kukiyeyusha. Vitabu vya kilimo vya zama hizo vilimfundisha mkulima kuchovya kisu kinachong'aa ndani ya mchanganyiko: kisu kikitoka na utando mwekundu wa shaba, chokaa haijatosha, na dawa ingeunguza mimea.

Tatizo la pili lilihusu uso wa jani. Jani la mbuni na ganda la tunda changa vina nta inayoyakataa maji. Tone huviringika na kuanguka. Hapa ndipo viambato vya namna ya sabuni vilipohitajika. Molekuli ya kiambato cha aina hiyo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Huupunguza mvutano wa uso wa tone, likatandaa juu ya nta. Kiambato kikizidi, tone hutandaa mno likatiririka hadi chini na kubeba dawa pamoja nalo. Katika dawa zinazotokana na mafuta, kama vile dondoo la pareto lililotumika dhidi ya wadudu, sabuni ilikuwa na kazi nyingine: kuyafanya mafuta na maji yakae pamoja ndani ya bomba kwa muda wa kutosha kupulizwa.

Kemia ya baadaye imelikabili tatizo hilo hilo kutoka upande wa pili. Mwaka 1891 Mfaransa Antoine Villiers alieleza dutu iliyotokana na wanga ambayo leo hujulikana kama siklodekstrini. Ni pete ya vipande 6, 7 au 8 vya glukosi, ambayo nje yake hupenda maji na ndani yake huyaepuka. Pete hiyo humeza mkia wa molekuli inayokataa maji na kuiwezesha kuyeyuka. Monoma zenye umbo la sabuni, ambazo kwa kawaida hujikusanya katika vifungu ndani ya maji, hutenganishwa na pete hizo, na mwenendo wa kuungana kwao kuwa polima hubadilika. Njia ya Millardet ilipunguza umumunyifu wa kitu kinachoyeyuka kupita kiasi. Njia ya siklodekstrini huuongeza umumunyifu wa kitu kisichoyeyuka. Zote mbili hujibu swali moja: ni kiasi gani cha dutu kitakachopatikana ndani ya maji, mahali gani na kwa muda gani. Katika Kilimanjaro swali hilo lilijibiwa kwa mrututu na chokaa, na jibu lake likaingia katika maisha ya watu.

3. Chama kilichozaliwa na hofu ya wadudu, 1925–1933

Mibuni ya kwanza katika miteremko ya Kilimanjaro ilihusishwa na misheni ya Kikatoliki ya Kilema, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1891. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na walowezi wakaanzisha mashamba katika maeneo ya chini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, afisa wa utawala wa Kiingereza mjini Moshi, aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa katika vihamba vyao, kando ya migomba na mifongo ya maji.

Walowezi waliupinga mpango huo. Hoja yao ya hadharani ilikuwa ugonjwa: walidai kwamba mibuni ya Waafrika isiyotunzwa ingekuwa chimbuko la wadudu na kuvu ambao wangeshambulia mashamba yao. Nchini Kenya hoja za aina hiyo zilisaidia kuwazuia Waafrika wengi kulima kahawa ya Arabika hadi miaka ya 1930. Katika Kilimanjaro hoja hiyo ilikuwa tishio la kweli, kwa sababu ikithibitika kwamba kihamba ni chanzo cha ugonjwa, haki ya kulima kahawa ingeweza kuondolewa kwa amri moja.

Katika mazingira hayo ndipo kilipoundwa mwaka 1925 chama cha Kilimanjaro Native Planters' Association, kwa kifupi KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Kazi yake ya mwanzo haikuwa kuuza kahawa. Chama kilianza kwa kuwakusanya wakulima wapate kununua kwa pamoja mabomba na dawa za kupambana na wadudu, hasa kunguni wa kahawa aitwaye antestia, anayefyonza matunda machanga. Uuzaji wa kahawa kwa pamoja ulifuata baadaye. Mpangilio huo wa matukio una uzito katika tafsiri ya historia ya ushirika wa Kilimanjaro. Kwa kawaida ushirika huo huelezwa kuwa mwitikio wa wakulima dhidi ya wafanyabiashara wa kati. Asili yake inaonyesha sababu nyingine: bomba la kupulizia lilikuwa ghali kwa mkulima mmoja mwenye mibuni michache, na usafi wa kihamba kimoja haukuwa na faida pasipo usafi wa kihamba cha jirani. Kupuliza dawa kulikuwa pia ushahidi wa kisiasa. Kila mbuni uliopulizwa ulikuwa jibu kwa mlowezi.

KNPA ilidhoofika kwa madeni na kwa mvutano wake na serikali. Baada ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1932, nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1933 na Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, ikiwa na vyama vya msingi katika maeneo ya wakulima na Mwingereza Arthur Bennett kama meneja wake. Ulazima wa kuuza kahawa yote kupitia chama ulizua upinzani uliofikia ghasia mwaka 1937. Hata hivyo ulazima huo ndio uliokuja kuwa msingi wa mkopo wa dawa: chama kinachouza kahawa yote ya mkulima kinaweza kumkopesha dawa Machi na kukata deni lake kahawa inapouzwa.

4. Lyamungu na mbuni usio na kinga

Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungu, magharibi ya mji wa Moshi. Watafiti wake walichagua mibuni kwa kuangalia wingi wa mazao na ubora wa punje. Aina zilizotokana na kazi hiyo, hasa N39 na KP423, zilienezwa kwa wakulima na zikajenga jina la kahawa ya Kilimanjaro katika soko la dunia.

Uteuzi huo ulikuwa na udhaifu ambao haukuonekana mapema. N39 na KP423 zote mbili hushambuliwa na kutu ya majani, na baadaye ilidhihirika kwamba hazihimili chulebuni. Katika miaka ya 1930 jambo hilo halikuonekana kuwa hatari kubwa. Kutu ya majani, iliyoangamiza kahawa ya Ceylon kuanzia mwaka 1869, ilijulikana vyema, lakini hushamiri zaidi katika maeneo ya chini yenye joto kuliko katika vihamba vya juu vyenye ubaridi. Mahali ilipojitokeza, dawa ya shaba iliidhibiti. Kwa njia hiyo mbuni wenye mazao mengi na dawa ya shaba vilifungamana. Mmoja ulikuwa na udhaifu ambao mwingine uliufidia.

Katikati ya karne ya 20, uji wa Bordeaux uliotayarishwa shambani ulianza kuachwa duniani kote. Nafasi yake ilichukuliwa na unga uliotengenezwa viwandani, kama vile oksikloridi ya shaba na oksidi ya shaba. Unga huo husagwa laini sana na kuchanganywa na viambato vya kulowesha na vya kuzuia chembe zisigandane, ili mkulima ahitaji maji na kijiti cha kukorogea tu. Badiliko hilo lilirahisisha kazi, lakini pia lilihamisha maarifa. Mkulima aliyechanganya mrututu na chokaa aliweza kujua kwa macho na kwa kisu iwapo dawa yake ni nzuri. Mkulima aliyefungua mfuko wa kiwandani alilazimika kuamini maandishi yaliyo juu yake na mtu aliyemuuzia. Uaminifu wa chama na wa bwana shamba ukawa sehemu ya ubora wa dawa.

5. Chulebuni, 1964

Chulebuni ni ugonjwa unaosababishwa na kuvu ambao sasa huitwa Colletotrichum kahawae. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Nchini Tanzania ulithibitishwa mwaka 1964. Tofauti na kutu, ambayo hushambulia majani na kuudhoofisha mti polepole, chulebuni hushambulia tunda lenyewe likiwa bado la kijani na linakua. Doa jeusi lililobonyea hutokea, hutanuka, na tunda huoza au kuanguka. Katika maeneo ya juu yenye mvua na baridi, shamba lisilolindwa laweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mazao. Ramani ya hatari ikapinduka: vihamba vya juu, ambavyo kwa miongo kadhaa vilikuwa salama zaidi dhidi ya kutu, sasa vilikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Hapa masharti ya umumunyifu yalijitokeza kwa ukali wote. Mbegu za kuvu hii huhitaji saa kadhaa za unyevu ili ziote, na husambazwa na matone ya mvua kutoka tunda hadi tunda. Tunda huwa hatarini zaidi katika wiki za kutanuka kwake baada ya maua, wakati ambao katika Kilimanjaro huangukia mvua za masika. Dawa ilipaswa kuwa juu ya tunda kabla mvua haijaanza. Lakini tunda linalotanuka hupanua ganda lake na kuacha nafasi zisizo na dawa, na mvua ile ile inayoeneza kuvu huendelea kuisomba shaba. Kwa hiyo kupuliza mara moja hakukutosha. Ilibidi mzunguko uanze kabla ya mvua na urudiwe kila baada ya wiki chache, mvua ikinyesha, kwenye miteremko yenye utelezi, bomba likiwa mgongoni na maji yakichotwa kutoka mfongo au mto.

Utafiti uliofanyika Kenya katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliongeza jambo lenye uzito mkubwa. Wataalamu walibishana juu ya wakati unaofaa kupuliza; F. J. Nutman na F. M. Roberts walikuwa miongoni mwa waliosisitiza ulinzi wa mapema. Katika mabishano hayo ilibainika kwamba shaba iliyopulizwa pasipo utaratibu, au iliyoanzwa na kukatishwa, iliweza kufuatiwa na ugonjwa mwingi kuliko pale ambapo dawa haikutumika kabisa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa mawili. Kwanza, shaba huua pia viumbe vidogo visivyo na madhara vinavyoishi kwenye magome na kushindana na kuvu ya ugonjwa. Pili, mti uliopulizwa hushika majani yake kwa muda mrefu na kuzaa zaidi, hivyo huwa na matunda mengi ya kushambuliwa pindi ulinzi unapokoma. Maana yake kwa mkulima ilikuwa nzito. Nusu ya dawa haikuleta nusu ya kinga. Yamkini ilileta hasara maradufu, ya fedha na ya mazao.

6. Dawa, ushirika na dola, 1964–1994

Chulebuni ulifika wakati ushirika wa Kilimanjaro ulikuwa na nguvu. KNCU na vyama vyake vya msingi viliweza kuagiza dawa kwa wingi, kuzihifadhi, na kuzifikisha hadi katika vijiji vya Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo. Gharama ilirudishwa kwa makato kutoka katika malipo ya kahawa. Kwa kuwa makato yalichukuliwa katika mauzo, wakulima wengi waliipokea dawa bila kutoa fedha taslimu wakati wa kiangazi, wakati ambao karo za shule na mahitaji mengine ya nyumbani hubana.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote, KNCU ikiwamo, na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka ya serikali ya kahawa. Ushirika ulirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na KNCU ikaanza kazi upya mwaka 1984. Mabadiliko hayo yamejadiliwa sana kwa upande wa siasa. Kwa upande wa dawa, jambo la kuzingatia ni mwendelezo: chini ya ushirika na chini ya mamlaka ya serikali, kahawa ilikuwa na njia moja tu ya kuuzwa, na njia hiyo moja ndiyo iliyoufanya mkopo wa dawa uwezekane. Mfumo huo ulikuwa na kasoro kubwa. Malipo yalichelewa, sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilipungua, na gharama za uendeshaji zilizidi. Aidha, mkulima aliyepuliza vizuri na aliyezembea walikatwa kwa utaratibu ule ule, jambo lililowanyima wenye bidii motisha. Lakini kasoro hiyo ya mwisho ilikuwa na upande wake wa faida ambao wahasibu hawakuuona: makato ya pamoja yaliifanya dawa iwafikie hata wajane, wazee na wenye mibuni michache, ambao mibuni yao isiyopulizwa ingekuwa chanzo cha mbegu za kuvu kwa kitongoji kizima.

7. Soko huria na upulizaji usiokamilika

Mkataba wa kimataifa uliosimamia bei ya kahawa kwa mgao wa mauzo ulivunjika Julai 1989, na bei ya dunia ikaanguka. Msimu wa 1994/95 Tanzania iliruhusu wanunuzi binafsi kununua kahawa moja kwa moja vijijini. Mkulima alipata uhuru wa kuchagua mnunuzi na, mara nyingi, malipo ya haraka zaidi. Hata hivyo uhuru huo uliondoa dhamana ya mkopo. Chama kilichomkopesha mkulima dawa hakikuweza tena kuwa na hakika kwamba kahawa itakayotokana na dawa hiyo itapita mikononi mwake. Mnunuzi binafsi aliyefika mlangoni na fedha taslimu hakuwa na deni la kudai wala sababu ya kukopesha. Stefano Ponte na watafiti wengine wa mageuzi hayo wameonyesha jinsi huduma za pembejeo zilivyodhoofika katika nchi za Afrika Mashariki baada ya soko kufunguliwa.

Bei ilipoporomoka zaidi kufikia mwaka 2001, mkulima alikabiliwa na hesabu isiyo na jibu jema. Dawa sasa ilinunuliwa dukani, kwa fedha taslimu, kwa bei isiyo na ruzuku, miezi mingi kabla ya kahawa kuuzwa. Uamuzi ulioonekana wa busara ulikuwa kupuliza kidogo: mizunguko miwili mahali pa sita, au kuongeza maji ndani ya bomba ili mfuko mmoja utoshe. Mchumi angeuona uamuzi huo kuwa ni kupunguza gharama kulingana na bei. Kwa kuzingatia kemia na biolojia iliyoelezwa hapo juu, ulikuwa uamuzi wenye matokeo mabaya kuliko pande zote mbili ulizokaa katikati yake. Dawa iliyozimuliwa huacha chembe chache mno juu ya tunda, na mzunguko uliokatishwa masika yakiwa katikati huliacha tunda wazi wakati ambao viumbe washindani wa kuvu wameshauawa.

Hivyo basi, kushuka kwa kahawa ya Kilimanjaro katika kipindi hicho hakuwezi kuelezwa kwa bei peke yake. Bei iliposhuka zamani, mibuni ilibaki ikilindwa na mfumo wa makato. Katika miaka ya 1990 bei na ulinzi vilishuka pamoja, na kimoja kikaharakisha kingine. Baadhi ya wakulima waliing'oa mibuni na kupanda mboga, mahindi au migomba zaidi; wengine waliiacha kihambani bila matunzo, ikawa hifadhi ya ugonjwa kwa jirani aliyebaki. Hofu ile ile iliyotumiwa na walowezi katika miaka ya 1920 ilirudi kwa sura nyingine, safari hii ikiwa kati ya mkulima na mkulima mwenzake.

8. Shaba iliyobaki udongoni

Umumunyifu mdogo ulikuwa na tokeo jingine, la polepole na lisilo na kelele. Shaba ni elementi. Haiozi wala haivunjiki kuwa kitu kingine. Kile ambacho mvua ilikiosha kutoka kwenye jani kiliangukia udongo, na kwa kuwa shaba hushikamana kwa nguvu na mboji na udongo wa mfinyanzi, sehemu kubwa ilibaki katika tabaka la juu, mahali ambapo mizizi midogo na minyoo huishi. N. W. Lepp na wenzake waliripoti mwaka 1984 mrundikano huo katika mashamba ya kahawa ya Kenya yenye umri tofauti. Mwaka 2004 Loland na Singh walichapisha utafiti kuhusu uchafuzi wa shaba katika udongo na mimea ya mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro yaliyopulizwa kwa muda mrefu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Kilimanjaro kwa sababu ya maumbile ya kihamba. Katika shamba kubwa la kahawa, dawa huangukia mibuni na udongo wa mibuni. Katika kihamba, mbuni husimama chini ya mgomba, kando ya magimbi na mboga, karibu na banda la ng'ombe na ukingo wa mfongo. Bomba lililolenga zao la biashara lilinyunyizia pia chakula na malisho. Kwa desturi kahawa ilihesabiwa kuwa zao la baba wa nyumba, ilhali ndizi za chakula, mboga na majani ya ng'ombe viliangukia zaidi katika kazi na mamlaka ya wanawake. Mapato ya kahawa yaliandikwa katika kitabu cha chama kwa jina la mume; shaba iliyobaki iliingia katika udongo ambao mke aliutegemea kulisha familia. Hakuna daftari la ushirika lililokuwa na safu ya kuandikia deni hilo. Kihamba hurithiwa, na pamoja nacho hurithiwa udongo wenye kumbukumbu ya kila masika iliyopulizwa tangu enzi za babu.

9. Kutoka bomba hadi mche

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoundwa mwaka 2000 na kuanza kazi mwaka 2001, iliurithi mji wa utafiti wa Lyamungu pamoja na swali lake la zamani. Badala ya kutafuta dawa inayoshika vizuri zaidi juu ya tunda, ililenga tunda lisilohitaji dawa ya kuvu. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa uzalishaji wa chotara uliotumia vyanzo vya ukinzani kama Híbrido de Timor na Rume Sudan, njia iliyokwisha kutumiwa Kenya katika kuzalisha Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985. Mwaka 2005 aina mpya za Arabika zenye ukinzani dhidi ya chulebuni na kutu ya majani zilianza kutolewa rasmi kwa wakulima wa Tanzania.

Mabadiliko hayo hayakufuta haja ya taasisi, yaliihamisha. Chotara hizo huzalishwa kwa vikonyo ili mche ubaki na sifa za mama yake, na uzalishaji huo unahitaji bustani, utaalamu na vikundi vya wakulima wanaoaminiana. Kung'oa mibuni ya zamani ni kukubali kukosa mavuno kwa miaka kadhaa, jambo gumu kwa mzee ambaye mibuni yake ya N39 ilipandwa na baba yake na bado inazaa kidogo. Gharama iliyokuwa ikirudi kila masika sasa hukusanywa mahali pamoja, mwanzoni. Mkopo unahitajika bado, ila ni wa muda mrefu zaidi na kwa hiyo ni mgumu zaidi kupatikana.

10. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba sifa ya kikemia inaweza kuwa chanzo cha historia ya kijamii. Kwa sababu mrututu uliyeyuka kupita kiasi, ulichanganywa na chokaa. Kwa sababu mchanganyiko huo uliyeyuka polepole, ulilinda bila kuponya, ukahitaji kurudiwa kwa wakati na kwa umoja. Kwa sababu ulihitaji kurudiwa, ulidai fedha kabla ya mavuno, na fedha hizo zilipatikana pale tu ambapo chama kilikuwa na haki ya kukata deni katika kahawa. Na kwa sababu haukuyeyuka kabisa, ulibaki udongoni baada ya chama, mkopo na bei kupita.

Mafunzo mawili yanafuata. La kwanza ni la kihistoria: ushirika wa Kilimanjaro usipimwe kwa bei aliyolipwa mkulima peke yake. Ulitoa pia kinga ya pamoja ambayo haikuwahi kuonekana katika hesabu mpaka ilipotoweka. Wahakiki waliouhukumu mfumo wa njia moja ya mauzo kwa upungufu wake walikuwa na hoja za haki, lakini waliyapima makato ya dawa kama kodi, ilhali kwa sehemu yalikuwa bima. La pili linawahusu wanaopanga sera za pembejeo. Kuna dawa na teknolojia ambazo nusu yake ni bora kuliko kukosa, na kuna nyingine ambazo nusu yake ni mbaya kuliko kukosa. Dawa ya shaba dhidi ya chulebuni ilikuwa ya kundi la pili. Sera iliyomwachia kila mkulima aamue peke yake atapuliza mara ngapi haikutofautisha makundi hayo mawili, na hasara yake ilibebwa na vihamba vya juu vya mlima, ambako mvua ni nyingi na baridi hukaa muda mrefu zaidi.